Giaboksi Iliyonukia Udi

Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yakiungua hunuka vibaya, na fundi Basili aliijua harufu hiyo vizuri. Lakini asubuhi ile, gerejini kwake Njoro, alipochovya kidole kwenye mafuta ya lori la rafiki yake Eliaichi, alinusa udi. Akafuta kidole, akachovya tena. Udi, kama chumba cha bibi harusi wa pwani.

"Ulibeba nini humu?" akauliza.

"Ndizi na maziwa, kama siku zote," Eliaichi akajibu.

Lori lilitoka Uarabuni likiwa mtumba. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, wakati kila meli iliyofika Dar es Salaam ilishusha magari. Pale Old Moshi lilikuwa lori la kwanza la otomatiki, na watu walimtania Eliaichi kwamba amenunua gari la wavivu. Lilifanya kazi miezi mitano. Kisha siku moja akakanyaga mafuta, injini ikalia, na lori likabaki palepale kama ng'ombe aliyegoma. Likavutwa hadi Njoro.

Basili alitikisa kichwa. "Ushauri wangu, tusiifumue hii. Tuitoe, tufunge nyingine ya gia za mkono. Nikiifumua na kuiunda upya itapona leo, kesho itakuachia kwenye mteremko wa Kiboriloni, na akina mama wa ndizi wamekaa juu ya mzigo."

Eliaichi aliomba siku mbili za kufikiri. Hakuwa na shaka na Basili. Walikuwa marafiki tangu ujana wao, na hakuwahi kupeleka gari kwa fundi mwingine.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, mke wake Elinipendo alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Aliinua kichwa akamwona Basili amesimama nje ya ua wa mimea ya masale, na ovaroli lake la bluu.

"Karibu, shemeji. Ingia unywe maziwa."

Hakuingia. Hakusalimia. "Mwambie baba Gladys giaboksi ifumuliwe. Asiitoe. Ifunguliwe palepale kwenye gari."

"Si ulisema ibadilishwe?"

"Ifunguliwe," akarudia, akageuka, akaingia kwenye ukungu. Zizini ng'ombe alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, anatetemeka.

Eliaichi aliposikia, kitu kilimchoma. Kwa nini fundi aseme hivi mbele yake na vile mbele ya mkewe? Alijua habari za mafundi wanaofumua giaboksi wakatoa vipuri vizuri na kurudisha vibovu. Akateremka Njoro mbio.

"Mimi nimefika kwako?" Basili alishangaa. "Tangu alfajiri niko chini ya basi hili, waulize wateja. Wewe ndiye uliyekuja jana jioni ukaniambia niifungue. Ukasimama hapo mlangoni, hukutaka hata kukaa."

"Jana jioni nilikuwa kwaya, kanisani."

Basili akaweka spana chini.

"Eliaichi, unatafuta sababu ya kunidai baadaye?"

"Na wewe unatafuta njia ya kuniibia, Basili. Sema tu."

Neno lile likishatoka halikurudishika. Basili aliokota spana yake, akarudi chini ya basi.

Elinipendo ndiye aliyekataa kuliacha hivyo. "Mmoja wenu anadanganya, au wote wawili mnadanganywa," alimwambia mumewe. "Mlete hapa. Mkae mbele yangu, mseme nikiwaona."

Basili alikuja Jumapili baada ya misa, kwa heshima ya mama Gladys tu. Walikaa sebuleni watatu, vikombe vya chai mkononi, mvua nyepesi ikinyesha juu ya migomba. Hata kikombe cha kwanza hakijaisha, sauti ikaita kutoka nje.

"Hodi, mama Gladys!"

Ilikuwa sauti ya Basili. Basili mwenyewe alikuwa amekaa mbele yao, mdomo umefumba, chai ikimwagika gotini.

"Hodi! Mwambie aifungue," sauti ikasema, na kabla yeyote hajapumua ikajibiwa na sauti nyingine, nzito, yenye kikohozi kidogo mwishoni ambacho Elinipendo amekisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na minane, sauti ya mumewe aliyekuwa amemshika mkono wakati huohuo, ikisema kwamba naam, ataifungua, Basili hana ubishi, ni suala la boliti chache tu, na zile sauti mbili zikaendelea kuzungumza hapo nje kama wanaume wawili waliojikinga mvua, zikitaja gia, zikitaja mteremko wa Kiboriloni, zikicheka, zikizunguka nyumba polepole kutoka dirisha hadi dirisha, na harufu ya udi ikapenya chini ya mlango ikajaa sebule, mpaka zilipofika tena barazani zikanyamaza, na sauti ya tatu, ya mwanamke, ya Elinipendo mwenyewe, ikasema kwa upole kabisa:

"Karibuni ndani."

Elinipendo aliziba mdomo wake kwa mikono miwili, kana kwamba neno lilimtoka yeye. Kitasa kilishuka. Eliaichi akautupia mlango mwili wake wote, akaanza kusali kwa Kichagga, kwa sauti kubwa, na Basili akaja akasukuma naye bega kwa bega. Baada ya muda kitasa kikapanda chenyewe. Nje ilibaki mvua.

Jumatatu walikwenda kwa mzee mmoja wa Njoro, mwalimu wa madrasa aliyezaliwa Tanga. Alilizunguka lori mara moja, akakataa kuligusa.

"Kuna kitu kimefungiwa humo na mtu aliyejua anachofanya," alisema chini chini. "Sura na sauti vinatoka, kama harufu inavyotoka kwenye chungu. Chenyewe bado kimo. Kinahitaji mkono wa mtu uifungue giaboksi. Itoeni nzima, muizike. Boliti hata moja ya kifuniko isiguswe."

Akasoma dua, nao wakaanza kazi mchana huohuo. Basili aliingia chini ya lori kulegeza boliti za kuishikilia, Eliaichi akashughulikia jeki upande wa mbele. Kwa dakika kama kumi alimsikia Basili akiongea taratibu, akinyamaza, akiongea tena.

Alipotoka, Eliaichi akamuuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

Basili akamgeukia. "Na wewe."

"Basili. Umeifungua?"

"Sijaifungua."

Waliizika nzima kwenye shimo la zamani la kokoto, wakamwaga zege juu. Lori likafungwa giaboksi ya gia za mkono, likapanda Old Moshi na mzigo bila shida. Lakini Basili alifunga gereji wiki ileile, akarudi kwao Kirua Vunjo, na hakuonekana tena mjini.

Eliaichi hakulala vizuri. Alikuwa amemwita rafiki yake mwizi, na hakuwa amemwomba radhi. Jumamosi moja saa sita mchana, jua likiwaka, alikata jani la isale kwenye ua wake, akalifunga fundo kama wazee wafanyavyo wanapoomba msamaha, akaenda Kirua Vunjo. Mlango wa Basili ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Basili, ni mimi. Nimekuletea isale."

Sauti ikauliza, karibu sana na ubao wa mlango: "Kule jeshini, kwenye mafunzo, nilikuibia nini?"

Eliaichi akatabasamu, macho yakamlowa. Hilo hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. "Soksi. Na nilijua ni wewe, nikanyamaza."

Alisubiri komeo litolewe. Halikutolewa.

"Hata yule wa juzi aliyekuwa na sauti yako," Basili alisema nyuma ya mlango, akilia, "alijibu hivyohivyo. Na yeye alikuja na isale."