Tundu la Pini

Bastola alikuwa nayo, hakuichomoa tu. Tulia basi nikueleze, mjukuu wangu, mbona una haraka hivyo?

Shangazi yako alikuwa juu ya Yamaha. Saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Anaifukuza Land Cruiser nyeusi.

Redio ya wapelelezi wenzake ikamkwaruza sikioni, ikimwita kwa jina la kazi.

"Sindano, unamwona?"

"Namwona. Anaingia ofisi ya mipango miji."

"Saa nne ramani yao inapigwa muhuri. Ukichelewa, imekula kwetu."

Imekula kwetu! Sikiliza. Kila mtaa una ramani yake: hapa shule, hapa nyumba, hapa pasijengwe kitu, maji ya mvua yapite. Mimi sikusoma, lakini hapo pa maji napajua, ni nyuma ya ukuta huu. Sasa wale mashetani, wauza silaha wa ng'ambo, wakapataka wajenge ghala la kufichia bunduki, karibu na reli. Wakaiba nakala zote pale ofisini, wakachora ya kwao. Pa maji pakawa pa maghala.

Sisi tuzame! Bibi yako azame na sufuria zake! Mpaka leo damu inanichemka.

Nilikuwa wapi? Eeh. Yamaha.

Akapanda ngazi mbili mbili. Mlango akaupiga teke.

Mwenyekiti ameshainua muhuri.

"Weka chini, mzee. Hiyo ramani ya bandia."

Mwenye Land Cruiser, tai mpaka kitovuni, akacheka. "Huyu si mchonga penseli wenu?"

Kweli, miezi sita alijifanya mchonga penseli pale.

Yeye akamgeukia mchoraji mkuu. "Fundi, kabla hatujachora tunafanya nini?"

"Tunapanga karatasi zote pamoja, tunazitoboa kwa pini moja, pale kitakapochorwa kisima. Zisipishane."

Shangazi yako akaiinua ile ramani ya bandia dirishani.

Hakuna tundu.

Yule bwana akaacha kucheka. "Basi leteni yenye tundu!"

Shangazi yako akafungua zipu ya jaketi. Akatoa ramani yenye duara la masizi. Ile iliyobandikwa kwa mjumbe watu waione! Upepo uliiangusha, bibi yako akaiokota, akaitandika kabatini hapa nyumbani chini ya sufuria, na humo ndimo shangazi yako alimoichomoa.

Akaiinua dirishani. Jua likapenya tunduni, penye kisima, likatua kwenye tai ya yule mshenzi.

Mshenzi akakimbia. Mguu wa shangazi yako ukamsubiri mlangoni.

Puu!

Pingu.

"Sindano, vipi?"

"Tayari. Nakala zilizoibwa zimo garini mwake. Naenda kula."

Akaingia hapa na helmeti kwapani, kama katoka dukani. Mimi nataka nikamtafute yule bwana na fimbo yangu. Bibi yako anamkagua mikono.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Imepigwa muhuri, mama. Ndiyo ramani ya mtaa sasa."

"Na sufuria nitatandikia nini?"

Akamletea gazeti.

"Haya, naweni. Na wewe mzee, weka fimbo chini, chakula kinapoa."

Nikaiweka. Tukakaa wote.