Kutu kwenye Tangi la Dishon

Mwili wa Dishon, mwendesha boda, ulilala kifudifudi katika uchochoro wa nyumba za reli za Makongeni. Kofia yake ya pikipiki ilikuwa bado mkononi. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake palikuwa na spana kubwa yenye damu, mpini wake umezungushiwa utepe mwekundu.

"Ya Omolo, fundi wa pikipiki," alisema Koplo Luseno. "Steji nzima ya boda inaijua. Na jana walifokeana mbele ya watu."

Inspekta Aluoch aliitazama ardhi. "Pikipiki iko wapi?"

Ilipatikana kando ya reli, mwendo mfupi kutoka pale, imeangushwa kwenye nyasi.

Kabla ya saa nne asubuhi, waendesha boda walikuwa wamejaa langoni mwa kituo. Omolo alikuwa ndani ya seli, mdomo umevimba. Wao ndio waliomfikia kwanza. Polisi walimnyakua kutoka mikononi mwao. Mmoja wao alikuwa na tairi kuukuu begani.

"Mtoeni! Ama tuingie wenyewe!"

Aluoch alifunga dirisha. Ushahidi wa kumshtaki Omolo haukutosha. Akimwachilia, angechomwa kabla ya kuvuka barabara.

"Mligombana nini?" alimuuliza fundi.

"Tangi, madam. Limeoza kwa ndani, kutu tupu. Nikamwambia tulitoe tulioshe. Akasema kazi haingoji."

"Na spana?"

"Imepotea tangu juzi. Fundi gani wa barabarani hajaibiwa spana?"

"Ulimuua?"

"Nimuue mteja?" Omolo alijaribu kucheka, mdomo ukamuuma. "Madam, wale watu huko nje watanichoma."

Nafula, mjane wa Dishon, alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, akikunja na kukunjua leso.

"Huyo mume wangu na hiyo pikipiki yake, afande! Soksi zangu za kanisani zimeisha. Alizikata zote achujie petroli."

"Kwa sababu ya kutu?"

"Ndiyo. Hakuacha tangi lishuke chini ya nusu. Akiegesha, anafunga koki ya mafuta. Na rizevu ilikuwa mwiko. Alisema uchafu wote umelala huko chini, usiamshwe."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

Mikono ya Nafula ilitulia. "Alikuwa halali usiku. Alisema amempa mtu fulani hadi Jumapili aje hapa kituoni kusema ukweli. Asipokuja, angekuja yeye Dishon. Hakuniambia ni nani."

Aluoch alitoka kwenda uani, ilikoegeshwa pikipiki ya marehemu. Alifungua tangi: lilikaribia kujaa petroli. Alipochuchumaa, aliona chujio dogo kwenye mpira wa mafuta limejaa tope la rangi ya kahawia. Kisha akaitazama koki, ile swichi ndogo ya mafuta chini ya tangi, upande wa kushoto. Ilikuwa imeelekezwa kwenye rizevu.

Koki ina njia mbili. Ya kawaida huchukua petroli kutoka juu kidogo, nayo hubakiza kiasi chini. Rizevu huchukua kutoka sakafuni kabisa mwa tangi, kunakotuama kutu.

"Ndiyo maana ilizima," alisema Luseno.

"Ndiyo. Dishon aliegesha, akafunga koki, akapigwa. Muuaji ndiye aliyeifungua. Tangi limejaa. Kwa nini afungue rizevu?"

"Haraka?"

"Akiwa na haraka, mkono wake ulifanya unachofanya kila siku. Omolo alilijua tangi hili. Hangeigusa rizevu."

Mtaalamu wa alama za vidole alinyunyiza unga wake kwenye koki. Alipata alama moja ya kidole gumba, safi. Haikuwa ya Dishon. Haikuwa ya Omolo.

Langoni kelele zilikuwa zimezidi. Yule mwenye tairi alisogea mbele.

"Madam, mnaficha muuaji?"

"Unaitwa nani?"

"Seth. Dishon alikuwa brathe yangu. Tulikuwa steji moja, kanisa moja."

"Pole, Seth. Sasa gari la kituo linatoka. Kila mtu aondoe pikipiki yake, aegeshe ng'ambo."

"Aaa, hawa nao!" mtu alilalamika. Hata hivyo walirudi kwenye pikipiki zao. Aluoch hakutazama nyuso. Alitazama mikono ya kushoto, ikishuka mmoja baada ya mwingine chini ya matangi kufungua koki.

Wawili walizungusha hadi rizevu. Aliwasimamisha. Tangi la kwanza lilikuwa karibu kukauka. La pili, la Seth, lilikuwa limejaa hadi shingoni.

"Umejaza leo?"

"Asubuhi."

"Mbona uko rizevu?"

"Njia ya kawaida iliziba kitambo. Mimi hutumia hii tu." Alicheka. "Kwani ni kosa?"

"Si kosa. Zima, uingie ndani."

Katika chumba cha mahojiano, Seth alichukuliwa alama za vidole, kisha akaketi.

"Uliwahi kuendesha pikipiki ya Dishon?"

"Zii. Huyo jamaa alikuwa haruhusu mtu hata kuishika."

Mtaalamu aliingia, akaweka karatasi mbili mezani, akatoka. Aluoch alizilinganisha, kisha akamgeuzia Seth.

"Hii ni ya kidole gumba chako, uliyoitoa sasa hivi. Na hii ilitoka kwenye koki ya Dishon. Ilifikaje huko?"

Seth alizisukuma karatasi kando.

"Nani alikuwa aje kituoni kabla ya Jumapili?"

Nje, honi zililia mfululizo.

"Ni kwa sababu ya Mama Khalayi," alisema Seth.

Aluoch aliijua faili hiyo. Muuza mboga, aligongwa na pikipiki wiki iliyotangulia, akafia hospitalini. Mshukiwa hajulikani.

"Aliingia barabarani ghafla, madam. Nikatoroka. Dishon alikuwa nyuma yangu, akaona yote. Nilimwomba anyamaze, nina watoto. Akasema, 'Hata Mama Khalayi ana watoto. Nenda mwenyewe, ama nitaenda mimi.'"

"Ukaiba spana."

"Watu wangesema ni Omolo, ama ni wezi. Pikipiki ningeitupa mtoni. Ikazima. Nilipiga kiki hadi mguu ukafa ganzi. Tangi limejaa, na haiwaki!"

"Uliamsha uchafu aliokuwa akiuchunga."

Luseno alikwenda langoni kuwaeleza. Tairi la Seth lilikuwa pale lilipoachwa. Aliyesimama karibu nalo alilisukuma mbali kwa mguu.

Omolo alitoka nje mchana huo. Umati ulimpisha, macho chini. Alisimama mbele ya Aluoch, akinyoosha mkono.

"Spana yangu, madam."

"Hiyo ni kielelezo. Itabaki hapa hadi kesi iishe."

Omolo alitazama uani, Nafula alipokuwa amesimama, mkono wake juu ya kiti cha pikipiki.

"Basi niazimeni nyingine," alisema. "Nataka kulitoa hilo tangi, nilioshe."