Maji ya Edung

Tik-tik, tik-tik. Kifuniko cha sufuria kiligonga gizani, kabla ya mapambazuko. Nakiru aliweka jiwe juu yake ili kinyamaze. Hakutaka majirani wasikie.

Ilikuwa mwaka wa 1979, Kakuma. Mvua ilikataa na mbuzi wakafa. Mume wake, Ethuro, alikwenda Lodwar kutafuta kibarua. Unga ukaisha. Ndani ya sufuria ile mlikuwa na edung, matunda madogo ya porini ambayo watu hula wakati wa njaa. Wengi huona aibu kuonekana wakiyapika.

Nakiru alikulia Lodwar, karibu na maduka. Mama mkwe wake ndiye aliyejua mapishi ya edung, lakini alikuwa amefariki. Nakiru alijua tu kwamba huchemshwa. Maji yalipogeuka rangi, hakuyamwaga. Angeyamwagaje? Kujaza mtungi mmoja kwenye kisima cha mchangani, kule mto Tarach, kulichukua asubuhi nzima.

"Mama, hii chungu," alisema Abei, binti yake wa miaka tisa, akatema.

"Kula tu, mwanangu. Hakuna ingine."

Longor, mdogo wake wa miaka miwili, hakutema. Mama alimlisha kwa mkono wake, akamnywesha na yale maji.

Mchana Longor alitapika. Akaharisha. Alikuwa amekonda tayari, hakuwa na nguvu ya kupoteza. Nakiru alimfunga mgongoni, akakimbia kwenda zahanati. Njiani mtoto aliacha kulia.

Walimzika siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu alikuja Akidor, mama mzee wa boma la jirani. Aliketi, akaitazama sufuria.

"Ejok, Nakiru," alimsalimu.

"Ejok, mama."

"Ulimwaga maji mara ngapi?"

"Kumwaga? Na hii shida ya maji?"

Akidor alishika kichwa. "Nyinyi watoto wa Lodwar mnajua unga wa duka tu! Sumu inatoka na maji. Mbona hukuniuliza? Hata ukikohoa mimi nasikia."

"Niliona aibu."

Akidor alisogea karibu, akasema polepole, "Na mimi nilikuwa napika edung hiyo hiyo. Nimejificha ndani."

Walilia pamoja.

Nakiru alikuwa akisoma ngumbaru, darasa la watu wazima, jioni. Alimpeleka Akidor darasani. Mwalimu Sellah, aliyetoka Kisumu, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Zamani sana," alisema mwalimu, "kuna watu waliandika mapishi kwenye udongo mbichi, wakauacha ukauke. Wengine baadaye waliandika kwenye ngozi, halafu kwenye karatasi. Vitabu vingi vilikuwa vya jikoni kwa wafalme na matajiri. Chakula cha njaa kilibaki vinywani mwa akina mama. Mama akifa, kinazikwa naye."

"Mimi sijui kalamu," alisema Akidor.

"Wewe sema, mama. Nakiru ataandika."

"Aandike chakula cha aibu?"

"Aibu gani?" aliuliza Nakiru. "Mimi nimezika mtoto. Sema, mama."

Akidor alisema. Nakiru aliandika katika daftari, kwa herufi kubwa:

Twanga edung, ondoa maganda. Chemsha. Mwaga maji yote. Tia maji mengine. Fanya hivyo mara saba. Usinywe maji yake. Usimpe mtoto yale maji.

Tangu siku hiyo wanawake wa upande ule walipika edung nje, mchana. Walichota maji kwa zamu, kila mtu akaleta mtungi. Daftari lilipita boma kwa boma. Asiyejua kusoma alisomewa. Hakuna mtoto mwingine pale aliyeugua kwa edung.

Njaa haikwisha upesi. Siku moja Nakiru alikuwa amechoka sana, na hawakuwa wamekula tangu jana. Maji ya mtungi yalikuwa karibu kwisha. Alifunua sufuria, akachukua bakuli, akaanza kupakua.

Abei alikuwa ameketi kando yake, daftari magotini. Aliweka kidole kwenye mstari, akasoma tena kimoyomoyo. Kisha akaushika mkono wa mama yake.

"Bado maji mara mbili, mama."