Hakuna Aliyeuliza Nani Ataoga

Mama Pacha ni mshonaji. Cherehani yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Kutwa anashona sare za shule na mapazia ya watu. Mume wake, Baba Pacha, ni dereva wa lori, na siku zake nyingi huishia safarini. Nyumbani wapo pia mapacha wao, wasichana wawili wa shule ya msingi, na mama mzazi wa Baba Pacha. Mapacha humwita Bibi. Mtaa mzima nao humwita hivyo hivyo.

Bibi anatembea kwa fimbo, maana goti lake limechoka. Mdomo wake haujachoka hata kidogo. Akiona mshono umekwenda upande, husema. Akiona chai haina sukari ya kutosha, husema pia.

Bafu lao lilikuwa bovu. Saruji ya sakafu ilikuwa imebanduka, kuta zimeota ukungu, na maji yalituama pembeni. Baba Pacha akaamua kulitengeneza upya. Akatafuta fundi. Siku ya kuanza kazi, wawili hao walisimama bafuni kwa muda mfupi tu, kwa sababu lori lilikuwa limeshapakiwa mzigo.

"Fundi, fanya kitu kizuri," Baba Pacha alisema. "Mgeni akiingia, ashangae."

Kisha akaondoka.

Tangu hapo fundi alizungumza na simu tu. Akitaka kujua rangi ya vigae, alimpigia Baba Pacha barabarani. Akitaka kujua mahali pa kuweka bomba, alipiga tena. Mama Pacha alikuwa hapo hapo, mguu kwenye pedali ya cherehani. Hakuulizwa. Bibi alikuwa kibarazani. Naye hakuulizwa.

Siku moja Mama Pacha alikwenda kupeleka mapazia kwa mteja. Aliporudi, sakafu ya bafu ilikuwa imekwisha. Vigae vilikuwa vyeusi, vinang'aa kama kioo. Aliinama akaiona sura yake chini. Akaangalia na mengine. Koki ya bomba la kuogea ilikuwa juu mno, watoto wasingeifikia. Swichi ya taa ilikuwa ndani, nyuma ya mlango, mahali pa kuguswa na mikono yenye maji.

Alimuuliza fundi kwa nini hakumngoja.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," fundi alisema. "Nimeshaongea na mwenye nyumba."

Mama Pacha alimkazia macho.

"Na mimi ni nani hapa? Mpangaji?"

Fundi alicheka kidogo, akaendelea kufuta vigae vyake. Alisema nyumba zote za kisasa zinawekwa hivyo. Akasema tena kwamba wanawake wakianza kuulizwa mambo ya rangi, kazi haiishi.

Mama Pacha alimpigia mumewe. Mumewe akasema ameshaona picha, bafu linapendeza kama la hotelini, na yeye asiharibu mambo. Simu ikakatika. Mama Pacha alirudi kwenye cherehani, akashona kwa hasira mpaka sindano ikavunjika.

Bafu likaanza kutumika. Halijazoeleka bado, Bibi akaanguka. Maji ya sabuni yalikuwa yametulia sakafuni, hayaendi kwenye tundu. Fimbo ilikwenda upande huu, yeye akaenda upande ule. Alijaribu kushika ukuta, lakini ukuta ulikuwa laini, hauna pa kushika. Mama Pacha alisikia kishindo akakimbia. Mlango ulifunguka kidogo tu ukakwama, kwa sababu unafungukia ndani na Bibi alikuwa amelala nyuma yake. Ilibidi asukume taratibu, huku akisikia mama mkwe wake analia kwa maumivu.

Hospitali walikuta mkono umevunjika karibu na kiganja. Wakaufunga plasta.

Kilichomuuma Mama Pacha zaidi kilikuja baadaye. Bibi alianza kuogeshwa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, macho ukutani, haongei. Bibi yule yule wa kusema juu ya kila mshono, sasa hasemi neno. Siku nyingine alidai kwamba hana jasho, hana haja ya kuoga. Mama Pacha alielewa. Ilikuwa ni aibu. Mtu mzima aliyelea watoto na wajukuu, sasa anavuliwa nguo kama mtoto mchanga.

Fundi alikuja kumalizia rangi ya dari, akapewa habari. Alisema pole. Kisha akaongeza kwamba wazee wanatakiwa kuvaa ndara bafuni na kutembea polepole.

Hebu fikiri. Mtu anatandika kioo sakafuni, anaruhusu maji ya sabuni yatulie juu yake, halafu kosa linakuwa la bibi aliyeanguka!

Mama Pacha alivuka barabara, akaenda kumwita jirani yake. Jirani huyu ni msimamizi wa ujenzi. Amesimamia shule na zahanati. Watu wamempa jina la Pimamaji, kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, kwa sababu hata akialikwa chakula, huangalia kwanza kama meza imekaa sawa.

Pimamaji alivua viatu, akamwaga ndoo ya maji sakafuni, akangoja. Maji hayakwenda kwenye tundu. Mengine yalianza kuelekea mlangoni. Uso wake ukabadilika.

"Fundi, nani anaoga humu?"

"Wenye nyumba."

"Nitajie mmoja mmoja."

Fundi aliinama kufuta brashi yake. Wakati huo Baba Pacha aliingia kutoka safarini, begi bado begani. Alisikitika sana kwa ajili ya mama yake. Lakini akasema kama wengi wanavyosema: Mama naye, kama aliona sakafu inateleza, si angemwambia mapema.

Mama Pacha alikuwa amevumilia mpaka hapo.

"Angekwambia lini?" alisema. "Uliongea na fundi. Uliwafikiria wageni ambao hata hawajafika. Mama yako anaoga humu kila siku. Wanao wanaoga humu. Mimi ndiye ninayesugua humu. Ni nani kati yetu uliyemuuliza? Umewafurahisha wageni, mama yako amevunjika mkono."

Baba Pacha alimgeukia mama yake. Bibi alikuwa mlangoni, mkono kifuani.

"Mimi nilipoiona tu, nilijua itaniangusha," Bibi alisema.

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

"Ningemwambia nani? Nyinyi mlikuwa mnaongea na simu."

Baba Pacha aliliweka begi chini.

Pimamaji aliwaita wote sebuleni, na fundi pia. Aliwaeleza kwamba kabla ya kuchagua rangi, unaanza na watu. Nani ataingia humu? Urefu wake ni upi? Anaona vizuri? Anatembeaje? Vigae vinavyong'aa vinafaa ukutani, maana ni rahisi kufuta. Sakafu ya bafu inataka vigae vya kukwaruza kidogo, tena vidogo, ili mianya yake isaidie mguu kushika. Rangi iwe isiyokoza, ili maji na sabuni vionekane. Usichague kwa picha. Omba kigae kimoja dukani, kilowanishe, kipake sabuni, kikanyage kwa mguu mtupu, huku umeshikilia kitu imara.

Aliendelea. Mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu hupimwa kabla ya kubandika vigae. Chuma cha kushikia hufungwa kwenye ukuta imara, si kwenye kigae peke yake. Swichi ikae nje ya bafu. Mlango ufungukie nje, ili mtu akianguka afikiwe upesi. Dirisha lipitishe hewa, na ukuta ukauke kabisa kabla ya kupaka rangi, la sivyo ukungu utarudi.

"Haya yote yanazungumzwa kabla saruji haijakorogwa," alisema. "Baada ya hapo mnazungumza na nyundo."

Fundi alijitetea kwamba wateja wengi hupenda vigae vya kung'aa. Pimamaji alimwambia kuwa kupenda ni kwa mteja, lakini mteremko ni kazi yake fundi, na mteremko haupo. Fundi alitazama chini. Alikubali kubomoa na kurudia.

Safari hii walichagua pamoja. Vigae vya kujaribu vilipangwa kibarazani, vikamwagiwa maji ya sabuni. Bibi alivikanyaga kimoja kimoja, Mama Pacha amemshika kiuno. Kimoja alisema kinauma kama changarawe. Kingine alisema ni kile kile cha mwanzo, kimebadilisha nguo tu. Wakachukua cha kijivu. Mapacha walichagua njano kwa sehemu ya juu ya ukuta. Baba Pacha hakuipenda njano, lakini alijua afadhali anyamaze.

Fundi naye alimwomba Bibi akae, anyooshe mkono usiokuwa na plasta, asimame. Akaweka alama ya penseli ukutani pale mkono ulipofika. Chuma kikafungwa hapo. Koki ilishushwa mpaka mapacha wakaifikia. Swichi ilihamishiwa nje, na mlango ukageuzwa ufungukie nje.

Plasta ilipoondolewa na mkono ukapata nguvu tena, Bibi alichukua taulo lake akaelekea bafuni. Mama Pacha alimfuata kama alivyozoea. Bibi aligeuka.

"Unakwenda wapi?"

"Nakuja kukusaidia, Mama."

"Nimekuita?"

Mlango ukafungwa. Mama Pacha alibaki nje, anasikiliza. Alisikia maji yakitiririka, kisha akasikia Bibi anaimba. Muda ukapita. Baba Pacha alikuja na taulo begani, akabisha hodi, akasema anachelewa safari.

"Ngoja zamu yako," Bibi alijibu kutoka ndani.

Baba Pacha alimtazama mkewe. Mkewe alirudi kwenye cherehani yake, anacheka. Yeye akaegemea ukuta, akangoja.