Siku Babu Alipopanda Mlima

Mume wangu ni seremala. Kwa mbao hana mpinzani. Kwa magari, naomba niseme polepole, maana huenda naye akasoma hapa.

Asubuhi nyumbani kwetu huanza hivi. Mimi nabandika chai jikoni. Yeye anatoka nje kuwasha gari. Chai inachemka, tunakunywa, naosha vikombe, na gari bado halijawaka.

Ni gari la zamani, la kazi, lililotengenezwa kwa njia mbovu na milima. Magurudumu yake yote manne yanaweza kuvuta. Tunaliita Babu. Babu anakohoa, anapenda kivuli, na hapendi kuamshwa mapema. Kwenye tambarare anajitahidi. Akiuona mlima, anakata tamaa.

Mshauri wa mume wangu ni kinyozi wa mtaani. Kinyozi huyu anajua kila kitu isipokuwa kunyoa.

"Gari lako halina nguvu kwa sababu halina sauti," alimwambia mume wangu. "Weka bomba kubwa la moshi."

Mume wangu akaweka. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulisikia tunapoondoka. Kufika, hatukufika.

Kinyozi akasema tena, "Gari ni jepesi mno. Litie uzito lishike ardhi." Mume wangu akatia magunia matatu ya mchanga nyuma.

Nilipouliza, alinijibu, "Mke wangu, haya ni mambo ya kitaalamu." Nikanyamaza, lakini uso wangu haukunyamaza.

Mwaka huu alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Shule iliyo juu mlimani ilimwagiza madawati kumi na mawili na kiti cha mwalimu mkuu. Darasa zima la watoto wadogo lilikuwa likikaa sakafuni. Mume wangu alifanya kazi miezi miwili. Kila kona ya dawati aliipiga msasa hadi ikawa laini, ili isichane sare za watoto. Nilimpenda sana miezi ile.

Siku ya Alhamisi tulipakia. Madawati yote kumi na mawili yakaingia, mengine yakapanda kwenye keria, juu ya paa la gari. Kiti kikafungwa juu kabisa. Mchanga nao ukabaki palepale. Mbele tulikaa watatu: mume wangu, mimi, na mama yangu mzazi, aliyekuwa akirudi kwake, jirani na shule. Mama alitundika mkoba wake mahali pa siku zote, kwenye mkono mdogo.

Nieleze hapo. Babu ana mikono miwili ya gia. Mmoja ni mrefu, wa kawaida. Wa pili ni mfupi, uko kando yake. Aliyetuuzia gari alituonya, "Huo mfupi msiuguse. Mimi niliuvuta gari likiwa mbioni, likalia kama mbuzi." Basi hatukuugusa kwa miaka kumi na moja. Mama aliufumia kikofia cha uzi usishike kutu. Sisi tukawa tunatundikia mikoba.

Tulipofika kona ya tatu ya mlima, Babu alikohoa, akatetemeka, akazimika. Harufu ya klachi iliyoungua ikajaa ndani. Mume wangu alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mimi nikaruka nje, nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Shukeni kidogo," alisema bila kututazama.

"Kidogo kiasi gani?" mama aliuliza.

"Mnisukume tu, mama. Hatua mbili tatu."

Mkwe amwambie mama mkwe asukume gari! Lakini mama alishuka. Alikuwa amevaa gauni jeupe. Bomba la kinyozi lilikuwa limeelekea nyuma, na mume wangu akakanyaga mafuta. Sitasema zaidi.

Mama alijifuta macho. Akafungua kamba, akashusha kiti cha mwalimu mkuu, akakiweka kichwani, akapanda mlima kwa miguu. Ndicho kitu pekee kilichofika shuleni siku ile. Sisi tulirudi kinyumenyume.

Jioni mwalimu mkuu alipiga simu. "Kiti nimekipokea," alisema. "Mama mkwe wako hajambo, ila amebadilika rangi. Sasa sikiliza, fundi. Jumatatu tunafungua shule. Jumamosi jioni nisipoyaona madawati, kazi nitampa seremala mwenye gari linalopanda."

Mume wangu alikaa kwenye dawati moja pale uani, magoti yakagusa kidevu. "Nimeshindwa," alisema. Hakuwa akitania, na mimi roho iliniuma.

Baada ya muda akasema, "Kinyozi anashauri tutafute injini ya lori."

"Kinyozi akanyoe," nilimjibu. Nikavuka barabara kwenda kwa Mama Spana.

Mama Spana ni jirani yetu. Alitengeneza magari ya wafanyakazi wa msituni kwa miaka ishirini, na sasa amestaafu. Mume wangu hakuwahi kumuuliza kitu, kwa sababu siku alipoona lile bomba alicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa asubuhi alikuja na kijimfuko kidogo cha vyuma. Hakufungua injini. Alizunguka gari mara moja, akachungulia nyuma.

"Huu mchanga mnajenga wapi?" aliuliza.

"Ni uzito," mume wangu alisema. "Ili gari lishike ardhi."

"Madawati hayana uzito?"

Mume wangu aliyahesabu magunia kwa macho.

"Unamlaumu Babu hana nguvu, na umempakia kiwanja. Kila kilo unayoongeza, injini ndiyo inayoibeba. Toa mchanga. Hata ile keria ya chuma ivue, na vitu vizito vikae chini, si juu. Kesho pakia madawati sita, urudi kuchukua sita."

Kisha akafungua boneti. "Sasa tuone anavyopumua. Injini inakula mafuta, lakini bila hewa hayaungui vizuri. Ule moshi mweusi uliompaka mkwe wako ni mafuta ambayo hayakuungua."

Aliingiza vidole kwenye mdomo wa bomba la kuingizia hewa. Akavuta. Kikatoka kitambaa. Akavuta tena. Kikatoka cha pili. Cha tatu kilikuwa kirefu, kina maua ya njano.

"Gauni langu!" nilipiga kelele. Nilikuwa nikilitafuta tangu mwaka juzi. Nilikuwa nimemshuku wifi yangu.

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Karakana kuna vumbi," alisema. "Mimi hufunga kitambaa puani. Nikaona na gari nalo lina pua."

"Wazo si baya," Mama Spana alisema, akijizuia kucheka. "Ila pua ya gari ina kitambaa chake tayari." Akafungua kopo kubwa jeusi, akatoa chujio la hewa. Lilikuwa limeziba vumbi hadi halipitishi mwanga. "Hili la karatasi halifuliwi. Barabara za vumbi, likague kila wiki. Likiziba namna hii, nunua jipya. Ni rahisi kuliko injini ya lori."

"Na bomba la moshi?" mume wangu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Limekuongezea nini?"

"Sauti."

"Basi umepata ulichonunua."

Akaingia ndani, akakaa nyuma ya usukani. Akaona kikofia cha uzi. Akakivua taratibu, akatutazama mmoja mmoja.

"Huu mkono mnautumiaje?"

"Tunatundikia mikoba," nilisema.

Hapo alishindwa kujizuia. Alicheka hadi akaegemea usukani, honi ikalia, na kinyozi akatoka nje kuangalia. Alipopata pumzi alisema, "Seremala, ukibeba kitanda kupanda ngazi, unaruka ngazi mbilimbili?"

"Thubutu! Naenda moja moja."

"Kwa nini?"

"Hatua fupi ndiyo inayobeba mzigo."

"Umejifundisha mwenyewe. Mkono huu unampa Babu hatua fupi. Injini inazunguka mara nyingi, gurudumu linazunguka kidogo. Mwendo unapungua, nguvu ya kuvuta inaongezeka. Nguvu unayoitafuta kwa kinyozi iko hapa tangu ulipolinunua gari."

Mume wangu aliutazama ule mkono kama mtu aliyekuta mlango chumbani kwake mwenyewe.

"Lakini tulionywa," alisema. "Huwa unalia."

"Unalia ukivutwa gari likikimbia. Sikiliza. Kwanza simamisha gari kabisa. Zungusha kwa mkono vile vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, ili nayo yavute. Kanyaga klachi, toa gia kwenye ule mkono mrefu, ndipo uvute mkono mdogo. Tia gia ya kwanza, uondoke polepole. Usikanyage mafuta kwa pupa. Ukishuka mlima, tumia gia hiyohiyo ikuzuie, breki zisichemke. Ukirudi kwenye lami kavu, rudisha mkono ulipokuwa, la sivyo utavunja vyuma. Na asisimame mtu nyuma ya gari mlimani. Hata mkwe."

Mkono ulikuwa umeganda kwa kukaa. Mama Spana alilala chini ya gari, akapaka oili viungo vyake, akakagua na oili ya gia. Akaipima na klachi, akasema imeungua kidogo lakini itafaa. Mume wangu alinunua chujio jipya, kisha akauvuta mkono mara kumi, mpaka ukaingia bila kelele.

Jumamosi asubuhi, tukiwa na madawati sita ya kwanza, tulimkuta mama chini ya mlima, anatusubiri. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, viatu vya mpira na glavu.

"Nimekuja kusukuma," alisema.

"Leo husukumi, mama. Panda," mume wangu alimwambia.

"Sipandi. Nitatembea kando."

Mume wangu alisimama, akafunga vifungio, akavuta mkono mdogo. Babu akaanza kupanda. Alikwenda mwendo wa mtu anayetembea, bila kukohoa. Mama alitembea kando ya dirisha langu, tukapiga soga kama tuko sebuleni. Tukapita kona ya kwanza, na ya pili.

Kwenye kona ya tatu, palepale pa juzi, mama alianza kuhema. "Simamisha," alisema. "Nipande."

Mume wangu alinitazama. Jasho lilimtoka. Kusimama pale, penye mwinuko mkali kuliko pote, kisha kuondoka tena na mzigo? Lakini mama mkwe amesema. Akasimama, akavuta breki ya mkono. Mama akapanda, akafunga mlango, akanyoosha mkono kutundika mkoba.

"Mama, si hapo!" tulipiga kelele wote wawili.

Mama aliurudisha mkoba mapajani. Mume wangu akaachia klachi kidogo kidogo, kisha breki. Babu hakurudi nyuma hata kidole. Akaondoka, hatua fupi, hatua fupi, mpaka tukaliona bati la shule.

Mama aliutazama ule mkono mdogo kwa muda mrefu. "Miaka kumi na moja," alisema, "nimetundika mkoba kwenye nguvu za gari."

Safari ya pili tulimaliza kabla ya saa kumi. Mwalimu mkuu aliyapanga madawati mwenyewe, akayapapasa kona zake, akaagiza mengine ya darasa la pili. Njiani kurudi mume wangu alilia kidogo, akasema ni vumbi. Jumatatu hakuna mtoto aliyekaa sakafuni.

Wiki iliyofuata mume wangu alikwenda kunyolewa.

"Nasikia gari linapanda," kinyozi alisema. "Umeweka injini gani?"

"Sikuweka injini," mume wangu alijibu. "Nimetoa gauni, mchanga na mkoba."

Kinyozi aliduwaa, na mashine ikamteleza mkononi. Mume wangu alivaa kofia wiki tatu. Mama ndiye aliyemfumia.