Beleshi Juu ya Paa

Jua lilikuwa linazama Shinobu alipotoka nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake kufukua figili zilizohifadhiwa chini ya theluji. Ilikuwa tarehe mbili Januari. Saa ile walipaswa wawe wamesharudi kwao Tokyo, lakini theluji ilianguka siku mbili bila kupumua. Treni zilisimama. Barabara ya kijiji ilifungwa. Madirisha ya chini yalizibwa kabisa, na mumewe Kiyoharu na binti yao Nagi, mwenye miaka sita, walishinda ndani wakicheza karata taa zikiwaka.

Alipoinama, akasikia.

Kwaa... puu. Kwaa... puu.

Beleshi likikwangua juu ya paa. Kumbe mume wangu ana haya, akawaza, hatimaye kapanda kupunguza mzigo wa theluji.

"Baba Nagi! Angalia usiteleze!"

Beleshi likanyamaza kidogo. Kisha likaendelea.

Akaingia ndani akikung'uta theluji mabegani. Kiyoharu alikuwa palepale alipomwacha, miguu chini ya blanketi la meza yenye kipasha joto chini yake, akimmenyea Nagi chenza.

Figili zikamponyoka Shinobu.

"Nani yuko juu?"

Puu! Fungu zito likaanguka nje ya mlango alioufunga sasa hivi. Jingine. Na jingine. Akauvuta mlango kwa mikono miwili, haukutikisika.

Walikuwa wanafukiwa.

Mama mkwe, Itsuko, akatokea jikoni, kidole mdomoni. "Msiite," akanong'ona. "Kila mwaka huja. Huuliza, namjibu, anakwenda zake."

Kiyoharu akaacha kumenya. Miaka tisa nyuma baba yake, mzee Yasaburo, aliteleza kutoka paa hilohilo, akafa amefukiwa na theluji aliyoiangusha mwenyewe. Mwaka ule Kiyoharu alikuwa ameahidi kuja kumsaidia. Akapiga simu kusema njia imefungwa. Haikuwa imefungwa.

Harufu ya tumbaku ikashuka darini. Halafu sauti, kavu, ya mtu aliyeegemea beleshi kupumzika.

"Itsuko... Kiyo kafika?"

"Bado, mume wangu," bibi akajibu kwa upole. "Njia imefungwa."



"Bibi muongo!" Nagi akaropoka. "Baba si huyu hapa!"

Shinobu akamziba mdomo. Alikwisha kuchelewa.

Boriti ikalia. Vumbi likadondoka kwenye chai. Ajabu ni kwamba beleshi lilivyozidi kukwangua, ndivyo dari lilivyozidi kubonyea, kana kwamba paa linaongezewa mzigo badala ya kupunguziwa.

"Basi apande," sauti ikasema. "Tusaidiane."

Kiyoharu akainuka. Shinobu akamkamata mkono wa sweta.

"Huendi popote! Una wazimu wewe?"

"Paa litatuangukia, mama Nagi. Unalisikia." Akajinasua. "Na mimi nimeshachelewa sana."

Itsuko hakubishana naye. Alimfunga kamba kiunoni, akalikaza fundo mara tatu, na ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya ghorofani. Kiyoharu akatoka kwa dirisha la juu na beleshi mkononi, giza likammeza.

Kwaa... puu.

Kisha yakawa mabeleshi mawili. Kwaa, kwaa... puu, puu. Moja likitangulia, jingine likifuata. Shinobu alimkumbatia Nagi mpaka mtoto akalalamika anaumia. Kila mlio alihesabu mawili, akiogopa kusikia moja. Polepole boriti zikaacha kulia.

Kiyoharu alirudi kope zimeganda barafu. Akanywa chai, akalala.

Asubuhi jirani yao, bwana Hanzawa, akawafukulia mlango. Alikuwa anahema, lakini anacheka.

"Wewe mtu wa mjini, kumbe unaweza kazi! Jana niliwaona mnavyokwenda sambamba, kama mmezaliwa mapacha. Na yule mzee uliyekuwa naye, mwishoni akakushikia kamba, ni nani? Gizani sikumtambua."

Itsuko akainama, akaanza kukusanya viatu vya wageni wake.

Mchana treni zikaanza tena. Itsuko alikataa kuondoka nao. Alisimama stesheni akipunga mkono hadi akawa kidoa cheusi. Nagi akasinzia mapajani mwa mama yake. Ndipo Shinobu akanong'ona:

"Alikwambia nini huko juu?"

Kiyoharu aliyatazama mashamba meupe.

"Hakunilaumu hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja tu... Mtoto anaitwa nani."

Shinobu akamkumbatia Nagi. "Ukamwambia? Mwakani si atamuulizia yeye?"

Treni ikaingia kwenye handaki, dirisha likawa jeusi.

"Nilikuwa ukingoni kabisa, Shinobu," mumewe akasema. "Na kamba alikuwa ameishika yeye."