Shaba Isiyosinyaa

Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, Injinia alikuwa amechuchumaa uani akichekecha mchanga wa kalibu za kumiminia shaba, pikapu ilipoingia kinyumenyume hadi mlangoni mwa karakana. Injinia ni jina la utani alilopewa na baba yake siku aliporudi na shahada ya uhandisi na kukuta ajira zimeota mbawa. Baba mwenyewe alikuwa msubu shaba. Vitasa, koki, kengele za mlangoni, chochote kinachoweza kuyeyushwa na kumiminwa, yeye alikimimina. Alikuwa pande la mtu, mrefu, mwenye kicheko cha tumboni.

Nyuma ya pikapu alisimama mtu mwingine, au ndivyo Injinia alivyodhani mpaka turubai lilipofunuliwa. Ilikuwa pampu ya petroli ya zamani, ile ya kuzungushwa kwa mkono, yenye kimo cha mtu mzima na silinda ya kioo juu yake, ambamo mafuta yalipanda wateja wakiyaona. Ilikosa vitu vitatu: mkono wa kuzungushia, mdomo wa kumiminia na kifuniko cha juu. Mwenye pampu, bwana nadhifu mwenye umbo dogo na sauti ya chini, alikuwa ameazima vya pampu nyingine ili viigwe.

"Nataka iwe kamili," alisema. Kisha akamtazama baba kuanzia unyayo hadi utosi, kama fundi cherehani anayekadiria kitambaa. "Mzee, una mwili wa kazi."

"Wa kula," baba akajibu. Baba na binti wakacheka. Mgeni hakucheka.

Shaba ikipoa husinyaa. Chuo kilikuwa kimemfundisha Injinia kiasi chake hasa, baba alimfundisha kwa namna yake: "Hujikunyata kama mtu aliyepigwa na baridi, kwa hiyo mshonee koti kubwa." Ndiyo maana kitu cha kuigwa kilipakwa nta kwanza, kikanenepeshwa, ndipo kikakandamizwa mchangani. Siku ile walianza na mkono wa kuzungushia, na kwa pupa ya kuwahi moto wa tanuri, Injinia akasahau nta. Baba naye, kabla ya kufunga kalibu, akadidimiza kidole gumba chake mchangani, kama alivyofanya miaka yote. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi ya karakana. Ilitokea upande wa ndani, kijivimbe kidogo tu, pasipoonwa na mtu.

Injinia alikumbuka nta shaba ikiwa imeshamiminwa. Akangoja ipoe, akaipima akijua kwamba kazi ni ya kurudia.

Haikuwa imesinyaa. Hata kwa upana wa unywele.

"Imeogopa shahada yako," baba akasema, akimpiga begani.

Jioni, baba alipokuwa akinawa, pete yake ya ndoa ilimchomoka kidoleni ikaanguka kwenye beseni.

Jumatano waliupaka nta mdomo wa kumiminia, na baba akaweka tena sahihi yake ya kidole. Ukatoka mnene, pamoja na unene wote wa nta, na Injinia akashinda siku nzima akiupiga tupa. Unga wa shaba uliodondoka chini ulikuwa na joto. Kesho yake, alipoufagia, bado ulikuwa na joto.

Asubuhi hiyohiyo baba alinyoosha mkono kuchukua upawa wa kumiminia kwenye msumari alioupigilia mwenyewe. Vidole havikufika. Akacheka, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu. Havikufika.

Safari hii hakucheka.

Hospitali walimpima kila kinachopimika, wakasema mzee yuko buheri wa afya. Shangazi, dada yake baba, alikuja kumjulia hali. Tangu utotoni alizoea kumtazama kaka yake kwa kuinua kidevu. Pale mlangoni walitazamana macho kwa macho.

"Mtu hapungui kama sabuni," shangazi alinong'ona jikoni. "Kaka yangu anafyonzwa."

"Shangazi, lazima kuna maelezo."

"Haya, msomi wangu. Nieleze."

Injinia alirudi karakana, akachukua lenzi, akaukagua ule mkono wa pampu pande zote. Akafika kwenye kile kijivimbe. Chembe za mchanga ni kubwa mno. Haziwezi kushika mistari ya ngozi. Lakini mistari ilikuwepo yote, pamoja na kovu la baba la ujanani.

Baba alikuwa amesinzia kitini. Miguu yake haikugusa sakafu. Injinia akakigeuza kidole gumba cha baba polepole. Kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Akakimbia kuwasha tanuri. Kilichoingia kwa moto, alijiambia, kitatoka kwa moto. Akautumbukiza mkono ule kwenye chungu cha kuyeyushia. Haukuwa hata umebadilika rangi aliposikia ukelele kutoka ndani.

"Moto! Mwanangu, naungua!"

Akauchomoa kwa koleo, akautupa mchangani. Ndani ya nyumba, shangazi alikuwa amemshika kaka yake mkono wa kulia. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge kutoka kiwiko hadi kiganja. Chumbani hamkuwa na moto wowote.

"Umefanya nini?" shangazi akanong'ona.

"Nilitaka kumtoa."

"Usiviguse tena. Yumo humo."

Ijumaa mchana mwenye pampu alirudi. Hakushuka garini.

"Mzee hajambo?"

Injinia alishika dirisha la pikapu kwa mikono miwili. "Chukua pampu yako. Chukua kila kitu. Niachie baba yangu, nakuomba."

"Nikiondoka nayo pungufu, itaendelea kumtafuta."

"Ikutafute wewe!"

"Kwangu ilishamaliza," akasema, bila hasira. Ndipo Injinia alipoangalia chini. Pedali za gari zilikuwa zimefungiwa vipande vya mbao ili miguu yake izifikie.

"Ikikamilika je?"

"Hutulia. Mzee atabaki kama alivyo leo."

"Kifuniko kinataka kidole cha nani?"

"Cha yeyote aliye hai."

Shangazi alimkuta amepiga magoti mbele ya kalibu. "Niachie mimi, mwanangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi."

"Shangazi, wewe na huo ufupi wako, utabaki na nini?"

Shangazi akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akajiziba mdomo kwa khanga.

Injinia alididimiza kidole gumba. Mchanga ulikuwa baridi. Halafu ukavuta. Ulivuta taratibu, kama mtoto anyonyavyo. Akakichomoa. Akafunga kalibu. Akamimina.

Kifuniko hakikusinyaa.

Kilikaa mahali pake bila kupigwa tupa. Ndani ya silinda tupu ya kioo, kitu cheupe kama maji kikapanda, kikasimama. Mwenye pampu akaipakia pampu, akaifunika turubai, akaifunga kamba, akaondoka bila kuaga. Jioni baba alikula, akaomba aongezwe. Shangazi alimpima begani kwa bega lake. Hakuwa amepungua tena. Injinia alilia kwa furaha hadi usingizi ukamchukua.

Kesho yake aliamka kabla ya wote. Umeme ulikuwa umekatika, akawasha mshumaa, akavaa sketi yake ya kazi. Pindo likaburura sakafuni.

Hakwenda kwenye kioo. Aliivua, akaketi kitandani, akatunga uzi, akalikunja pindo upana wa vidole viwili na kuanza kushona haraka, baba asije akaona. Sindano ikamchoma kidoleni. Haikutoka damu. Lilitoka tone jeupe kama maji, na harufu ya petroli ikajaa chumba.

Akauzima mshumaa kwanza. Kisha akaendelea kushona gizani.